Ateli ya goti la mbwa: nani inamsaidia, na nani anapoteza feza

Tunayoipima hapa ni ile ateli ya goti inayoagizwa kwa intaneti: mfuko wa neopreni (mpira laini kama sponji) wa unene wa milimita 4 au 5, bawaba mbili za alumini ubavuni mwa goti, mikanda mitatu au minne ya velkro, na mkanda mrefu unaopita mgongoni ili isiteremke. Bei yake mara nyingi huwa kati ya dolari 30 na 100, usafiri hadi Lubumbashi haujahesabiwa. Kwa mbwa wa zaidi ya kilo 15 ambaye kano la ndani ya goti limekatika kabisa, ateli hii haitibu goti. Feza hiyo ina kazi nyingine ya kufanya kwanza, na bila kuitaja kazi hiyo bidhaa yenyewe haiwezi kupimwa kwa haki.

Ndani ya goti kuna makano mawili yanayopishana. La mbele ndilo linalokatika. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele chini ya mfupa wa paja, usijipinde sana kuelekea ndani, na goti lisinyooke kupita mpaka wake. Sehemu ya juu ya muundi wa mbwa haiko tambarare. Ina mteremko wa nyuzi kama 25 kuelekea nyuma. Kwa hiyo kila mbwa anapokanyaga, uzito wake unausukuma muundi mbele. Kano zima linaushika. Likikatika, mifupa inasagana kila hatua, na sahani ya gegedu ya upande wa ndani, yaani menisko, inabanwa katikati hadi inachanika.

Wenye mbwa wengi wanakumbuka siku mnyama alipokimbilia geti akarudi na mguu juu, wakadhani kano lilikuwa zima hadi siku hiyo. Kwa mbwa si kawaida iwe hivyo. Kano huchakaa kwa miezi, nyuzi moja baada ya nyingine, na mruko wa siku hiyo unamalizia tu kilichobaki. Ndiyo maana yule aliyekuwa anachechemea asubuhi akiamka na kupona akishatembea kidogo, au anayekaa chini na mguu mmoja umetupwa pembeni, anastahili kuangaliwa kabla hajashindwa kukanyaga.

Sasa tuirudie ateli. Ili izuie ule msukumo, inabidi ishike paja kwa nguvu juu ya goti, na muundi chini yake. Paja la mbwa ni nene juu na jembamba gotini, na ngozi yake imelegea, inateleza juu ya misuli. Hakuna pa kushika. Unaifunga vizuri, bawaba ikiwa sawasawa na goti, na baada ya mwendo mfupi imeshuka. Ikishashuka, inakunjika mahali ambapo goti halikunjiki, na ncha yake ya chini inaanza kuchimba mbele ya muundi. Jaribio lake ni rahisi: chora alama ya chaki kwenye manyoya usawa wa katikati ya bawaba, mtembeze mbwa kwa kamba dakika kumi kwenye njia tambarare, kisha pima. Ikiwa imeteremka zaidi ya sentimita moja, haizuii kitu. Ukikaza mikanda zaidi ili isishuke, unabana damu na ngozi, na mguu wa chini unavimba.

Kuna tatizo lingine ambalo maelezo ya muuzaji hayalitaji. Katika miezi ya mvua neopreni inanyonya maji na kukaa mbichi. Ngozi ya ndani ya paja inalowana, inakuwa nyeupe, halafu inachubuka. Kwa mbwa dume mkanda wa kinenani unaloa mkojo pia. Katika kiangazi vumbi jekundu linajaa kwenye velkro na haishiki tena. Inabidi uisugue kwa mswaki mkavu mara kwa mara. Vidonda vya ngozi ndilo lalamiko la kawaida kwa ateli za goti, hata zile za bei kubwa.

Zile za bei kubwa ni kitu kingine kabisa. Zina ganda gumu linalotengenezwa kwa umbo la mguu wa mbwa huyo mmoja, kutoka kwenye plasta ya faibaglasi iliyofungwa akiwa amelegezwa kwa dawa na goti likiwa katika pembe ya kusimama. Huko zinakotengenezwa bei inafika mamia ya dolari na wakati mwingine inapita elfu moja. Kasoro yake kwetu ni marekebisho. Ganda hilo ni nadra kukaa sawa mara ya kwanza. Linahitaji fundi alichonge hapa, aongeze sponji pale, mara mbili tatu katika wiki za mwanzo. Fundi akiwa nchi nyingine, ganda linaishia kabatini.

Plasta ya kawaida, ile ya mfupa uliovunjika, isifungwe kwenye goti hili kabisa. Haiwezi kushika juu ya goti, inakausha misuli ya paja, na inaacha vidonda.

Kwa hiyo feza iende wapi kwanza? Kwenye uchunguzi. Mbwa mzito mwenye maumivu anakaza misuli ya paja, na misuli hiyo inaficha kano lililokatika. Kama veterineri alishika goti akiwa amesimama uani, mnyama anajikaza na sentineli anamvuta kichwa, jibu la "kano liko sawa" halina uzito. Inatakiwa apewe dawa ya kulegeza, alazwe ubavu, mguu mgonjwa ukiwa juu. Mkono mmoja unashika paja: kidole gumba nyuma ya kijifupa kidogo kilicho nyuma ya goti upande wa nje, kidole cha shahada juu ya pia ya goti. Mkono wa pili unashika muundi: kidole gumba nyuma ya kichwa cha ule mfupa mwembamba wa pembeni, kidole cha shahada kwenye nundu ya mbele. Halafu muundi unasukumwa mbele, moja kwa moja, bila kuuzungusha. Kwa goti zima hauendi. Kano likiwa limekatika, unateleza milimita kadhaa na unauona kwa macho. Jaribio lirudiwe goti likiwa limekunjwa, kwa sababu kano lililokatika nusu linaweza kujionyesha katika hali hiyo tu. Kwa mbwa ambaye bado anakua, muundi kusogea kidogo na kukoma ghafla ni kawaida.

Katika usingizi huohuo zipigwe picha za radio (eksirei): goti kwa ubavu na kwa mbele, na nyonga. Kano lenyewe halionekani kwenye radio, na mtu asikudanganye kwamba ameliona limekatika. Kinachoonekana ni maji yaliyojaa gotini yakisukuma mafuta ya mbele, na vijipembe vya mfupa vya goti lililoumwa kwa muda mrefu. Sababu nyingine ya kulipia picha ni saratani ya mfupa, ambayo kwa mbwa wakubwa hupenda kukaa chini ya paja na juu ya muundi, palepale karibu na goti. Ateli iliyofungwa miezi miwili juu ya saratani ni miezi miwili iliyopotea. Mbwa mwenye kupe, homa na viungo vinavyovimba zaidi ya kimoja apimwe damu pia. Magonjwa ya kupe yanachechemesha, na hayo yana dawa yake.

Lubumbashi ina bahati hapa: Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kina kitivo cha tiba ya wanyama, kwa hiyo mji una mahali pa kuanzia kuuliza. Swali la kwanza kwa simu lisiwe bei. Uliza kama watamlegeza mbwa kabla ya kumpima goti, na kama radio yao inafanya kazi wiki hiyo.

Ukishajua kano limekatika, uzito wa mbwa ndio unaoamua zaidi ya kitu kingine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1984 ulifuata mbwa 85 ambao hawakupasuliwa. Wa kilo 15 kushuka, 85.7% walikuwa wazima au wamepata nafuu. Wa juu ya kilo 15, ni 19.3% tu. Mbwa mdogo wa nyumbani, basi, anaweza kupewa wiki kadhaa za mapumziko ya kweli, dawa ya maumivu na chakula kidogo, na mara nyingi goti linajijengea makovu yanayolishika. Asipokanyaga vizuri baada ya wiki sita hadi nane, shuku menisko. Menisko iliyochanika haitulii kwa kupumzika. Kuna wakati unasikia inalia "tak" mbwa akitembea, na yule aliyekuwa anaendelea vizuri anarudi ghafla kunyanyua mguu.

Kwa mbwa wazito habari si mbaya kabisa bila kisu, ila ina masharti. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa mbwa 40 wanene, nusu wakipasuliwa na nusu wakitunzwa kwa kupunguzwa uzito, mazoezi na dawa. Baada ya wiki 52 waliohesabiwa kuwa wamefanikiwa walikuwa 75% kwa waliopasuliwa na 63.6% kwa wasiopasuliwa. Anayesoma namba hiyo ya pili asisahau kilicholeta matokeo: mizani na mazoezi yaliyosimamiwa. Hawakuachwa tu uani wapone wenyewe.

Upasuaji ambao kliniki yenye vifaa vya kawaida inaweza kuufanya vizuri ni ule wa uzi wa pembeni. Goti linafunguliwa, mabaki ya kano yanaondolewa, menisko ya ndani inaangaliwa na sehemu iliyochanika inakatwa. Kisha uzi mnene wa nailoni, wa aina ileile ya kuvulia samaki wakubwa lakini uliosafishwa kwa upasuaji, unazungushwa nyuma ya kile kijifupa cha nyuma ya goti na kupitishwa kwenye tundu lililotobolewa mbele ya muundi, unakazwa na kubanwa kwa kibano cha chuma au kwa fundo. Uzi huo hauishi milele. Unalegea au kukatika baada ya miezi, na hilo limetarajiwa, kwa sababu kufikia hapo makovu yameshalishika goti. Ukikatika wiki ya pili kwa sababu mbwa alikimbia, kazi yote imepotea.

Mwulize mpasuaji mambo matatu. Je, utafungua goti uione menisko? Anayefunga uzi kwa nje bila kuangalia ndani anaweza kuacha maumivu yaleyale. Unatumia uzi gani? Kwa mbwa wa kilo 35 tunataka kusikia nailoni ya nguvu ya pauni 80 au 100, mara nyingi nyuzi mbili. Uzi wa kushonea ngozi hautoshi, na uzi wa kusokotwa ambao haukusafishwa ipasavyo unaingiza usaha usiokwisha hadi utolewe. La tatu: dawa gani za maumivu atapewa siku ya upasuaji na siku kumi zinazofuata? Jibu likiwa "antibiotiki", hujajibiwa.

Upasuaji mwingine unabadilisha mfupa wenyewe. Ulielezwa na Barclay Slocum wa Marekani mwaka 1993: kichwa cha muundi kinakatwa kwa msumeno wa mviringo, kinazungushwa hadi mteremko ubaki kama nyuzi 5, na kufungwa kwa sahani ya chuma na skrubu. Mteremko ukishaondoka, muundi hausukumwi tena mbele, na kano halihitajiki kwa kazi hiyo. Kwa mbwa mkubwa mwenye umri mdogo ndio tunaoupendelea. Katika ulinganisho wa mbwa 80 uliochapishwa mwaka 2013, baada ya mwaka mmoja walioridhika sana walikuwa 93% ya wenye mbwa waliofanyiwa huu, na 75% ya waliofanyiwa ule wa uzi. Lakini asiye na msumeno wake maalumu, radio ya kupimia pembe kabla na baada, na sahani za vipimo mbalimbali, asiujaribu. Mfupa uliokatwa na kufungwa vibaya ni janga kuliko kano lililokatika. Kwa mtu wa Lubumbashi hii mara nyingi ina maana ya kutazama kusini, kwa mfano Onderstepoort, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pretoria huko Afrika Kusini. Kibali cha kuingiza mnyama, chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa na vipimo vinavyodaiwa vinakula muda, kwa hiyo anza karatasi kabla ya kupanga tarehe ya kisu.

Dawa zinahitaji onyo kali kuliko kitu chochote kingine hapa. Diklofenaki na ibuprofeni za farmasi ya watu zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Meloksikamu ni dawa nzuri kwa mbwa, ila kipimo chake ni miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Mbwa wa kilo 10 anahitaji miligramu 1 kwa siku. Kidonge cha mtu cha miligramu 15 kinampa dozi ya siku kumi na tano kwa mkupuo. Na asipewe kamwe pamoja na sindano ya deksametasoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Sindano hiyo inamfanya atembee vizuri siku mbili, watu wakashangilia, ilhali goti linazidi kusagika bila yeye kuhisi. Mwulize aliyemtibu mwanzo alimchoma nini. Akitapika au akinya choo cheusi kama lami, acha dawa na umpeleke siku hiyohiyo.

Kuhusu chakula: mbwa wengi wa ulinzi wanakula bukari. Mbwa anayetakiwa kuwa na kilo 30 lakini ana 38 apewe kilokalori kama 900 kwa siku ili apungue. Gramu 250 za unga mkavu wa mahindi peke yake zinakaribia kukimaliza kiasi hicho, kabla hujaweka samaki. Pima unga kwa mizani ukiwa mkavu, ushushe hadi gramu 100, na jazia kwa ndakala waliochemshwa na kumwagwa maji ya chumvi, yai, na kabeji au lengalenga kwa wingi ili tumbo lijae. Vitunguu usitie, ni sumu kwake. Ashuke kwa 1% hadi 2% ya uzito kwa wiki. Kwa huyu ni kama gramu 400 hadi 750. Nyumba nzima ijue, pamoja na sentineli anayemgawia sahani yake usiku.

Halafu kifungo, ambacho ndicho kinachoharibu upasuaji mwingi mzuri. Wiki nane hadi kumi na mbili mbwa hakimbii. Kwenye parsele yenye geti linalogongwa kutwa nzima hili haliji lenyewe. Mtoe kwenye zamu. Mtengenezee chumba au uzio wa mita 2 kwa 2 upande asikoona geti. Usimfunge kwa mnyororo: atarukia mwisho wake kila anapopita mtu, na mruko ule ndio hasa tunaoukwepa. Anatoka kwa kamba fupi ya mita moja na nusu, dakika tano, mara tatu kwa siku, ukiongeza dakika tano kila wiki akiwa anakanyaga. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi hadi kumi na tano, siku za mwanzo. Karo zinazoteleza zifunikwe kwa mikeka yenye mpira chini. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, kama mpasuaji ameruhusu, mkalishe na kumwinua mara tano mara tano, paja zikiwa sambamba, mgongo kwenye kona ya ukuta ili asitupe mguu pembeni.

Ni katika ratiba hii ndipo ateli ya neopreni inapata nafasi yake halali. Mbwa mzee ambaye moyo au figo haziruhusu usingizi wa upasuaji, au anayesubiri karatasi za safari, anaweza kuivaa kwenye yale matembezi mafupi ya kamba. Inampa joto na mbano, na baadhi yao hukanyaga kwa ujasiri zaidi. Nusu saa siku ya kwanza, kisha ongeza taratibu. Inavuliwa akilala, inavuliwa ikilowa. Kila ukiivua, geuza manyoya utazame ndani ya paja, nyuma ya goti, mbele ya muundi na juu ya kisigino. Wekundu usiopotea ndani ya dakika kumi na tano unamaanisha pumzisha siku nzima na rekebisha mkanda. Kwa vipimo vya kuagiza, pima mzingo wa paja mahali pake penye unene, mzingo juu kidogo ya goti, mzingo wa muundi chini ya goti, na urefu kutoka kinenani hadi goti, mbwa akiwa amesimama kwa miguu minne. Kila kipimo mara mbili. Muuzaji anayetaka uzito na aina ya mbwa tu, mwache.

Goti la pili nalo linakatika kwa idadi kubwa ya mbwa hawa, mara nyingi ndani ya miaka miwili, kwa sababu uchakavu uleule upo pande zote na mguu mzima umekuwa ukibeba mzigo wa wote wawili. Kwa hiyo siku ya kulegezwa, omba magoti yote mawili yapimwe na kupigwa picha, kabla hujaamua kumaliza feza yote kwenye moja.